Kamera Ndogo na Historia Yetu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, simama kidogo ujiulize swali hili: je, nyumbani kwenu ziko picha ngapi za mtu aliye mzee kuliko wote katika ukoo wenu? Na hizo zilizopo, zilipigwa na nani, mwaka gani, na kwa sababu gani? Niliwauliza wanafunzi wangu maswali hayo katika shule moja ya sekondari huko Ewuaso Kedong, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, nikawapa siku saba waniletee majibu pamoja na picha zenyewe. Nia yangu ilikuwa kuwaonyesha kwamba historia haikai vitabuni peke yake, bali hukaa pia katika masanduku ya bibi zetu na juu ya kuta za nyumba zetu.

Siku ya saba ilipowadia, wanafunzi waliweka picha zao mezani. Wachache walileta picha za arusi na za ubatizo, zilizokunjika pembe na kuliwa na wadudu. Zaidi ya nusu, hata hivyo, waliniletea kitu kimoja, nacho ni nakala ya kitambulisho cha taifa. Uso wa babu au wa bibi ulionekana ndani ya mraba usiozidi sana ukubwa wa stempu ya posta, macho yamekaza mbele, mdomo umefungwa, na nyuma yake hapana kitu. Hapana ng'ombe, hapana boma, hapana mlima Suswa ambao mtu yule alizaliwa chini yake. Msichana mmoja akaniambia, "Mwalimu, koko hana picha nyingine. Hii ndiyo aliyopigwa na serikali." Koko ndilo jina ambalo Wamaasai humwita bibi.

Neno lile lilinikaa moyoni. Bibi aliyeishi zaidi ya miaka 80, akazaa na kulea, akahama na mifugo katika ukame, akatunga shanga za arusi za mabinti wengi, amebakiwa na picha moja tu duniani, nayo hakuiomba. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, jinsi hali hiyo ilivyotokea, na jinsi chombo kidogo kinachoingia mfukoni kinavyoweza kuigeuza. Maana historia ya kamera, ukiitazama vema, ni historia ya chombo kizito kilichopungua uzito kizazi baada ya kizazi. Na kila kilipopungua uzito kilitoka katika mikono ya watu wachache kikaingia katika mikono ya watu wengi.

Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia hadi leo ilipigwa Ufaransa na Nicéphore Niépce yapata mwaka 1826 au 1827. Ilionyesha mapaa ya nyumba yaliyoonekana kutoka dirishani mwake, na ilihitaji saa nyingi za mwanga wa jua. Mwaka 1839 njia bora zaidi, iliyobuniwa na Mfaransa mwingine aitwaye Louis Daguerre, ilitangazwa mjini Paris. Kisha mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya bamba la kioo lililolowa dawa. Njia hiyo ilitoa picha safi mno, lakini masharti yake yalikuwa magumu. Mpiga picha alipaswa kukipaka kioo dawa, kukitia ndani ya kamera kingali kimelowa, kupiga picha, na kukiosha gizani kabla hakijakauka. Na kazi hiyo yote ilipaswa kwisha katika muda wa dakika chache. Kwa hiyo mtu aliyesafiri na kamera alisafiri pia na hema la giza, masanduku ya vioo, chupa za dawa, mitungi ya maji, na wapagazi wa kuchukua mzigo huo.

Taabu hiyo ilionekana katika nchi zetu mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alifika Unguja na kamera, akapiga picha kadhaa mjini. Lakini walipoingia bara, joto lililokuwamo ndani ya hema la giza lilimshinda, akaiacha kamera akashika kalamu na rangi za maji. Basi safari ile maarufu tunaijua zaidi kwa michoro kuliko kwa picha. Fikiri jambo hilo, msomaji: hakukosa kamera, wala hakukosa elimu ya kuitumia. Alishindwa na uzito wake na taabu yake. Somo hilo tutalirudia baadaye, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelipata kwa machungu.

Sasa na turudi katika bonde letu. Ewuaso katika lugha ya Kimaasai maana yake ni mto, na Kedong ni jina la bonde lote lililoko kati ya ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa na mlima Suswa. Mwezi wa Novemba mwaka 1895 katika bonde hili msafara mkubwa wa wapagazi, Wakikuyu pamoja na Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine, ukagombana na Wamaasai. Vita vikazuka na mamia ya watu wakauawa. Andrew Dick, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa karibu, aliingilia kati akiwapiga Wamaasai risasi, naye akauawa. Uchunguzi wa serikali ya siku zile ulikiri kwamba watu wa msafara ndio waliotangulia kuchokoza. Habari hizo zimetufikia kwa njia mbili tu: barua na taarifa za maofisa kwa upande mmoja, na masimulizi ya wazee kwa upande wa pili. Maofisa waliandika, wazee walisimulia. Taarifa za maofisa zimehifadhiwa kabatini, lakini simulizi za wazee huzikwa pamoja na wazee wenyewe kama hapana mtu wa kuzipokea.

Mwaka uliofuata, yaani 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikateremka ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe, ikafika ziwani mwaka 1901. Mpiga picha William D. Young alifuata kazi hiyo na kuiwekea kumbukumbu. Kwa wakati huo bamba la kioo kikavu, lililobuniwa na Richard Leach Maddox mwaka 1871, lilikuwa limekwisha kuondoa haja ya hema la giza, ingawa kamera zenyewe bado zilikuwa masanduku mazito yaliyosimama juu ya miguu mitatu. Tunaweza kutazama leo madaraja, mabehewa na vibarua wa reli kwa sababu mtu alilipwa kuyapiga picha mambo hayo. Vilevile mwaka 1905 kilitoka kitabu cha Alfred Claud Hollis juu ya Wamaasai, chenye picha ndani yake. Na mwaka huohuo Mjerumani C. G. Schillings alitoa kitabu cha picha za wanyama wa nchi ya Kilimanjaro, ambao baadhi yao aliwapiga usiku kwa kuwasha unga wa magnesi uliomulika kama radi.

Sitaki kuwadharau watu hao. Bila wao tungekuwa maskini zaidi wa kumbukumbu. Lakini tazama kwa makini picha nyingi za zamani za nchi yetu, hasa zile zilizouzwa kama kadi za posta, usome maneno yaliyoandikwa chini yake. Mara kwa mara utakuta maneno kama "shujaa wa Kimaasai" au "mwanamke wa Kikuyu". Simba aliyeuawa na bwana mkubwa hutajwa pamoja na jina la bwana mkubwa, lakini kijana aliyesimama na mkuki hana jina. Mpiga picha alipita njia, akaona, akapiga, akaenda zake. Alitafuta mfano wa kabila, hakumtafuta mtu. Hata hati za serikali zilianza bila uso: kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kutumiwa tangu mwaka 1919 na 1920, kiliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua alama za vidole vyao shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wanawake hawakuandikishwa kupata kitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Sasa waelewa, msomaji, kwa nini koko wa mwanafunzi wangu alifika utu uzima kabla ya kusimama mbele ya kamera, na kwa nini kamera hiyo ilikuwa ya ofisi.

Wakati mambo hayo yakitendeka kwetu, kamera ilikuwa ikipungua ukubwa huko ng'ambo. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa sanduku la kushikwa mikononi, lenye filamu ya kupiga picha 100, na bei yake ilikuwa dola 25. Mwenye kamera alipomaliza filamu aliipeleka kamera nzima kiwandani, nayo ikarudishwa pamoja na picha na filamu mpya. Mwaka 1900 kampuni hiyohiyo ilitoa kamera ya Brownie, sanduku dogo lililouzwa kwa dola 1 tu, likakusudiwa hata watoto. Hatua ya tatu ilitoka kwa Mjerumani Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar. Barnack alipenda kupiga picha katika matembezi yake, lakini afya yake ilikuwa dhaifu na kamera za vioo zilimlemea. Yapata mwaka 1913 alitengeneza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema, ambayo kila picha yake ilikuwa milimita 24 kwa 36. Kamera hiyo, iitwayo Leica, ilitolewa sokoni mwaka 1925. Mtu mgonjwa asiyeweza kubeba mzigo ndiye aliyewapa wapiga picha wa ulimwengu mzima uhuru wa kutembea.

Matunda ya uhuru huo yalifika pwani yetu kabla ya bara. Mjini Unguja Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio mashuhuri tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo picha zake zimehifadhi arusi, mitaa na sherehe za mji ule. Katika mji wa Lamu Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932, alijifunza mwenyewe kazi ya picha, akawa akitembea na kamera yake, kisha akafungua studio. Hakutosheka na kunakili nyuso. Alizikata na kuziunganisha picha kwa namna yake, akamweka mteja ndani ya ua au juu ya jani. Baadaye, katika miaka ya 1990, kivukoni Likoni mjini Mombasa walikuwapo wapiga picha wa njiani waliotengeneza vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na msafiri mwenye fedha kidogo aliweza kujionyesha yu mahali popote alipotamani. Katika picha hizo mtu aliyepigwa ndiye aliyetoa amri. Alichagua nguo, akachagua mahali, akajua jina la mpiga picha, na mpiga picha akalijua jina lake.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza, aliyoinunua angali mtoto, ilikuwa Brownie iliyokwisha tumika. Mtoto yule aliyeanza na sanduku la bei ndogo alianzisha kampuni yake ya picha mwaka 1963, na mwezi wa Oktoba mwaka 1984 picha zake za sinema kutoka Korem, nchini Ethiopia, ziliuamsha ulimwengu kuhusu njaa iliyokuwa ikiua watu. Mamilioni ya fedha za msaada yalichangwa. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono mmoja, naye akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Wahenga walinena kwamba kibaya chako si chema cha mwenzio. Brownie ya Mohamed Amin ilikuwa kamera duni miongoni mwa kamera, lakini ilikuwa yake.

Hatua ya mwisho ya safari hii ni ile ya kuondoa filamu. Mwaka 1975 Steven Sasson, fundi kijana wa Kodak, aliunda kamera iliyonasa picha kwa umeme. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kaseti. Kutoka mwanzo huo zilizaliwa kamera ndogo za kidijitali zilizoenea duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 simu yenye kamera ndani iliuzwa Japani. Mwaka 2010 kampuni za kamera zilisafirisha zaidi ya kamera milioni 120, na nyingi kati yake zilikuwa ndogo za mfukoni. Lakini simu zilipozidi kuwa bora, biashara hiyo iliporomoka, hata mwaka 2023 kamera za kila namna hazikufika milioni 10. Kodak yenyewe, iliyoizaa kamera ya namna hii, iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni mwaka 2012. Ajabu ni kwamba katika miaka ya karibuni vijana wa nchi nyingi wameanza kuzitafuta tena kamera ndogo zilizokuwa zimetupwa makabatini.

Hapa naona utauliza, "Mwalimu, wewe unatumia kamera gani?" Nitakujibu kwa kisa kimoja. Nilipotoka chuo cha ualimu na kupata kazi, nilijiwekea akiba ya mshahara kwa muda mrefu, nikanunua kamera kubwa yenye lenzi mbili za kubadilisha, pamoja na begi lake na stendi yake. Niliiona fahari. Jumamosi moja nilialikwa katika boma la mzee mmoja aliyesifiwa kwa kujua habari za zamani za bonde la Kedong, alizosimuliwa na babu yake. Siku hiyo jua lilikuwa kali na vumbi jeupe la barabara lilikuwa likiruka kama unga. Nikalitazama lile begi zito, nikaogopa vumbi lisiingie katika lenzi, nikajiambia kwamba nitakwenda nayo siku nyingine. Mzee alisimulia kutwa nzima chini ya mti wa mgunga, akinionyesha kwa fimbo yake njia ya misafara ya zamani na mahali mifugo iliponyweshwa. Wajukuu walipokuja kumwamkia waliinamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Nilikuwa na macho na masikio, sikuwa na kamera. Kabla ya likizo iliyofuata mzee alifariki. Katika mazishi yake, picha iliyochapwa juu ya karatasi ya ratiba ilikuwa ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka uso ukawa madoadoa. Niliishika karatasi ile nikaona haya. Kamera yangu ya thamani ilikuwa nyumbani kabatini, safi, haina hata chembe ya vumbi.

Baada ya hapo niliuza lenzi moja nikanunua kamera ndogo iliyokwisha tumika, inayoingia katika mfuko wa koti. Tangu siku hiyo natembea nayo kama ninavyotembea na kalamu. Maoni yangu juu ya vyombo vya picha yametokana na matumizi, nayo ni haya.

Usidanganyike na hesabu ya nukta. Ili kuchapa picha iliyo wazi katika karatasi ya A4, nukta zipatazo milioni 9 zatosha, na hata kamera ndogo za zamani nyingi zinazo. Kilicho muhimu zaidi ni ukubwa wa kipokea nuru kilichomo ndani. Katika kamera ndogo za kawaida kipokea nuru kina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, lakini ziko kamera ndogo ambazo chake kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni mara 4. Kile kikubwa hukusanya nuru nyingi zaidi, na ndani ya nyumba ya Kimaasai, ambamo mwanga huingia kwa kidirisha kidogo, utaiona tofauti hiyo mara moja. Tazama pia tundu la lenzi: lenzi inayofunguka mpaka f/2 hupitisha nuru mara 4 kuliko ile inayoishia f/4. Kama waweza, chagua kamera yenye tundu la kuchungulia kwa jicho, kwa kuwa jua la mchana wa Kajiado hukifanya kioo cha nyuma kisionekane. Chukua betri ya pili. Ifunge kamera katika kitambaa safi, usiifungue lenzi upepo unapovuma, na vumbi uliondoe kwa brashi laini, usilisugue kwa shati. Lenzi inayotoka na kuingia huvuta mchanga ndani, na mchanga ukikwama humo fundi naye huenda akashindwa.

Jifunze vilevile kuipima nuru kwa ajili ya nyuso zetu. Kwa miaka mingi filamu za rangi na mashine za kuziosha zililinganishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na uso mweusi mara nyingi ulipotea kivulini. Kamera za sasa ni bora, lakini mtu mweusi akisimama mbele ya mbingu nyeupe bado kamera hukosea, ikaipima mbingu badala ya uso. Mpeleke kivulini, au ngoja asubuhi na jioni, au iamrishe kamera iongeze nuru. Chombo hakijui uzuri wa bibi yako, wewe unaujua.

Mtu aweza kunipinga akisema kwamba simu yatosha, na kwamba yote niliyoyataja ni anasa ya mwalimu mpenda vyombo. Nakubali nusu ya neno hilo. Kama una simu, tumia simu, wala usiingie deni kwa ajili ya kamera. Mzee hatangoja mpaka uwe na fedha. Lakini kumbuka kwamba simu huibwa, huanguka majini, na picha zake huwa elfu nyingi zisizo na mpango, hata mwenyewe huzisahau. Faida ya kamera ndogo kwangu si ubora wa picha peke yake. Ninapoitoa mfukoni, mimi na ninayempiga tunajua kwamba sasa tunafanya kazi moja: ya kuweka kumbukumbu. Yeye hujinyoosha, nami nanyamaza.

Liko jambo kubwa kuliko chombo, nalo ni adabu. Omba ruhusa kabla ya kupiga. Wageni wengi wamepita katika nchi ya Wamaasai wakinyakua picha kupitia madirisha ya magari, na wazee wana haki ya kuchukizwa. Mtu akikataa, weka kamera mfukoni na mazungumzo yaendelee. Akikubali, chapa picha umpelekee, kisha nyuma ya nakala yako andika kwa penseli jina lake, jina la mahali, tarehe, na jina lako wewe uliyepiga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha bila jina hupotea vivyo hivyo hata kama karatasi yake ingalipo. Tumekwisha kuona jinsi vijana wenye mikuki walivyopotezewa majina yao miaka 100 na zaidi iliyopita. Makosa ya mgeni aliyepita njia tunaweza kuyasamehe, lakini tukiyarudia sisi tulio wenyeji tutakuwa na udhuru gani?

Mwisho wa muhula ule nilifuatana na yule msichana na wenzake wawili mpaka bomani kwa koko wake. Walimwinamia, akawagusa vichwa, akatukaribisha chai ya maziwa. Msichana ndiye aliyeomba ruhusa, na ndiye aliyeishika kamera. Koko aliuliza, "Picha hii itapelekwa ofisi gani?" Mjukuu akajibu, "Haiendi ofisini, koko. Ni yako." Bibi akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka amevaa shanga zake zote, akaagiza tusogee mahali ambapo mlima utaonekana. Kisha akamwita ndama mmoja kwa jina na kumshika shingo. Picha ikapigwa.

Nyuma ya nakala iliyowekwa shuleni kwetu yameandikwa majina mawili, la bibi na la mjukuu, pamoja na tarehe. Na chini yake, kwa amri ya bibi mwenyewe, limeandikwa jina la ndama.

Nawe, msomaji, jibu lile swali nililokuuliza mwanzoni. Ikiwa nyumbani kwenu picha za wazee ni chache, azima kamera au simu kabla ya likizo kwisha, ukamwendee yule aliye mzee kuliko wote. Mwamkie kwanza. Kaa naye, msikilize, muulize angependa kuonekana wapi na amevaa nini. Usisahau penseli.